Mstari ulionyooka: mimi, gem5 na kache ambayo haikuwepo

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zimenibana, lakini leo nimekumbuka kisa cha mradi wetu wa mwaka wa nne chuoni, mwaka wa 2019, nikaona bora nikiandike kabla sijasahau sehemu tamu. Ni kisa cha aibu, kwa hivyo msicheke sana.

Kwanza niwaeleze tulikuwa tunacheza na nini. Tuseme unataka kujua kama prosesa yenye kache ya kilobaiti 64 itakimbia kuliko yenye kilobaiti 32. Unaweza kutengeneza chipu mbili uzipime, na hapo sina haja ya kukuuliza pesa utatoa wapi. Au unaweza kuandika programu inayojifanya kuwa prosesa, uiambie kache yako ni ya ukubwa gani, kisha uipe programu nyingine iiendeshe polepole huku ikihesabu kila kitu. Hiyo ndiyo simuleta. Yetu ilikuwa gem5, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Ilizaliwa mwaka wa 2011 pale simuleta mbili zilipounganishwa: M5 iliyotoka Chuo Kikuu cha Michigan, na GEMS iliyotoka Wisconsin. Mpaka leo kuzaliwa huko kunaonekana, kwa sababu ndani yake kuna mifumo miwili ya kumbukumbu. Mmoja unaitwa wa kiklasiki, mwepesi na wa haraka. Wa pili unaitwa Ruby (si ile lugha ya programu, tafadhali), mzito lakini unafuatilia kila ujumbe unaopita kati ya kache na kache. Juu ya Ruby unaweza kuweka Garnet, kielelezo cha mtandao wa ndani ya chipu kilichotoka Princeton mwaka wa 2009.

Ndiyo, ndani ya chipu kuna mtandao. Prosesa ikiwa na viini 16 au 64, haiwezekani kila kiini kiunganishwe na kila kingine kwa waya wake. Kwa hivyo wanaweka ruta ndogo ndogo, kila kiini na yake, na data inasafiri kama paketi kutoka ruta hadi ruta. Nilipoelewa hilo mara ya kwanza nilikaa nikiangalia laptopu yangu kwa heshima mpya.

Tulikuwa wawili katika mradi, mimi na jamaa yangu. Mpango ulikuwa rahisi kwenye karatasi: muhula wa kwanza tupime kache, wa pili tupime mtandao, mwisho tuonyeshe jinsi vitu hivyo viwili vinavyogusana. Programu yetu ya majaribio ilikuwa ya kuzidisha matriksi mbili za 128 kwa 128, ile ya vitanzi vitatu ambayo kila mtu ameiandika.

Kuisanikisha gem5 peke yake kulikuwa vita. Laptopu yangu ilikuwa na RAM ya GB 8, na ukiiambia ijenge kwa nyuzi nne kwa pamoja inafika hatua ya mwisho ya kuunganisha, kumbukumbu inajaa, mfumo unaua kazi, unaanza upya. Nilijifunza kutumia nyuzi mbili na kwenda kulala. Usiku mmoja stima ilipotea saa nane, betri ikaisha, nikaamka asubuhi kukuta skrini nyeusi. Lakini tulifika.

Tukaanza kupima. Kilobaiti 16, 32, 64. Jamaa yangu aliandika skripti safi kabisa ya kuendesha majaribio yote kwa zamu na kuchota mstari mmoja tu kutoka faili la takwimu: sekunde zilizoigizwa. Tukachora grafu.

Ilikuwa mstari ulionyooka, jamani. Sisemi karibu kunyooka. Nasema ungeweza kuutumia kama rula. Ukubwa wa kache ulibadilika, muda haukutikisika hata tarakimu moja.

Sasa hapa ndipo aibu yenyewe ilipo. Hatukushtuka. Tulikaa chini tukaandika kurasa mbili nzima tukieleza kwa nini mstari umenyooka. Tulisema kwamba matriksi zetu zina "mtindo wa kufikia data usioathiriwa na uwezo wa kache". Sentensi hiyo niliitunga mimi mwenyewe, na niliipenda. Tulimpelekea msimamizi wetu ripoti ya muhula wa kwanza, akaisoma haraka, akasema endeleeni.

Muhula wa pili tukaingia kwenye mtandao. Nikaongeza maneno ya kuwasha Ruby na Garnet kwenye amri ile ile tuliyokuwa tukitumia, nikabonyeza, na gem5 ikakataa. Ikaniambia Ruby haifanyi kazi na prosesa ya aina ya atomiki.

Prosesa gani ya atomiki? Sisi hatukuchagua prosesa yoyote. Kumbe hapo ndipo tatizo: usipochagua, ile skripti ya mfano tuliyoitumia, se.py, inakuchagulia, na chaguo lake ni prosesa ambayo kila ombi la kumbukumbu linajibiwa papo hapo, kama kuita funsheni na kurudi. Imetengenezwa hivyo makusudi, kwa ajili ya kukimbiza programu haraka mpaka mahali unapotaka kupima. Si kosa la waandishi wa gem5. Tungesoma maelezo tungejua.

Tumbo likaanza kuniuma. Nikafungua folda ya m5out, mahali gem5 inapoweka matokeo. Kuna faili la config.ini humo ambalo simuleta inaliandika kila inapowashwa, na humo inaorodhesha kila kifaa ilichokijenga, kimoja kimoja, na nani ameunganishwa na nani. Kwa miezi mitatu hatukuwa tumelifungua. Nikatafuta kache ya data. Hakuna. Nikatafuta kache ya maagizo. Hakuna. Prosesa ilikuwa imeunganishwa moja kwa moja na kumbukumbu kuu.

Ile chaguo yetu ya --l1d_size ilikuwa inasema kache iwe na ukubwa gani ikiwepo. Ya kusema iwepo ni nyingine, --caches, na hatukuiandika. Simuleta haikulalamika kwa sababu haikuwa na sababu. Ni kama kumwambia fundi "dirisha liwe la futi nne" bila kumwambia ajenge ukuta. Anaandika futi nne kwenye daftari, anaendelea na kazi.

Nikampigia jamaa yangu. "Buda, tumekwisha." Akadhani laptopu imeibiwa. Nilipomweleza akanyamaza, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: "Kwani nani anajua?" Simlaumu. Kutetea mradi kulikuwa wiki tano mbele, yeye alikuwa tayari ameitwa kwa mahojiano ya kazi, na ripoti ya muhula wa kwanza ilikuwa imeshapita. Tungeweza kuweka sehemu ya mtandao juu yake na hakuna mtu angeuliza. Tulibishana siku mbili. Hoja iliyoshinda haikuwa ya maadili, nisijisifu. Ilikuwa kwamba sehemu ya mwisho ya mradi ilihitaji namba za kache ziingie kwenye mtandao, na namba za kache isiyokuwepo haziingii popote.

Tukaongeza --caches, tukarudia. Safari hii faili la takwimu lilikuwa na mistari mingi mipya: mara ngapi kache imepata, mara ngapi imekosa. Muda? Umenyooka vilevile! Kwa sababu prosesa ya atomiki inaiuliza kache, kache inahesabu, lakini prosesa haisubiri. Tukaibadilisha tukaweka ile inayosubiri kila jibu, na hatimaye muda ukaanza kuishi.

Tulienda kwa msimamizi wetu tukiwa na kurasa zile mbili na config.ini iliyochapishwa. Akasoma zote mbili. "Mmeeleza vizuri sana kitu ambacho hakikutokea," akasema. Nikajibu, "Ndiyo, Daktari." Hakukasirika. Alitoa sharti moja tu: kuanzia siku hiyo, kabla ya kuwasha mashine, tumwonyeshe kwa kalamu tunatarajia namba gani. Nilidhani ni adhabu.

Basi tukaanza na kache kwa kalamu. Kila namba ya matriksi ni baiti 8, safu mlalo moja ina namba 128, kwa hivyo kutoka safu moja hadi inayofuata ni baiti 1,024. Kache haibebi namba moja moja, inabeba mistari ya baiti 64. Ukitembea kuteremka kwenye safu wima ya matriksi ya pili, kila hatua unaruka mistari 16. Na mstari ukiingia kwenye kache hauketi popote unapotaka. Namba yake ndiyo inayoamua utaketi kwenye seti ipi. Sasa, ukiruka 16, 16, 16 kila mara, unagusa seti moja kati ya kila 16. Ni kama posta yenye masanduku elfu moja halafu barua zote zimeandikiwa namba zinazoishia sifuri sifuri: masanduku mengine yamelala tupu, haya machache yanafurika.

Tuchukue kache ya kilobaiti 64. Ina mistari 1,024. Moja ya kumi na sita ya hiyo ni 64. Safu wima yetu inahitaji mistari 128. Haitoshi, na kwa kuwa kache inatupa ule ambao haujatumiwa kwa muda mrefu zaidi, kila unaporudi kuutaka mstari umekwishatupwa dakika ile ile. Kukosa kila hatua, hatua 128 × 128 × 128, yaani mara 2,097,152. Kwa kilobaiti 32? Mistari 32 inayotumika, haitoshi. Kwa 16? Haitoshi. Kwa hivyo kalamu ilikuwa inatuambia kwamba grafu ya kukosa kwa matriksi ya pili ITANYOOKA kutoka 16 hadi 64. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mstari wetu wa aibu ulikuwa unarudi, safari hii kwa haki.

Na simuleta ikakubali, kwa tofauti ndogo ya data nyingine zinazopita humo. Jamaa yangu akasema tuongeze idadi ya njia, yaani nafasi katika kila seti, kutoka 2 hadi 4 hadi 8. Hapo wengi hudhani dawa imepatikana. Lakini ukiongeza njia bila kuongeza ukubwa, seti zinapungua kwa kiasi kile kile: seti chache zaidi, kila moja na nafasi zaidi, na bado unatumia moja ya kumi na sita. Mistari 64 ile ile. Kalamu ilisema hivyo, mashine ikasema hivyo.

Dawa ilikuwa ya kitoto. Tangaza safu mlalo ziwe na namba 136 badala ya 128, zile 8 za mwisho usizitumie kabisa. Sasa kuruka safu moja ni mistari 17, si 16, na 17 haigawanyiki kwa 2, ilhali idadi ya seti kwa kawaida ni 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara kadhaa. Mistari ikatawanyika kwenye kache yote. Mistari 128 ni kilobaiti 8 tu, inaingia hata kwenye kache ndogo, na kila mstari ukishaingia unatumika kwa namba zake zote 8 kabla ya kuondoka. Kukosa kunashuka hadi moja ya nane: 262,144. Tumepoteza kumbukumbu kidogo, tumepata programu inayokimbia. Nawaambia ukweli, nilijisikia kama nimegundua moto.

Mtandao nao tukauendea kwa kalamu. Garnet ina njia ya kurusha paketi za bandia, kila ruta ikimtumia yeyote kwa bahati nasibu, ili upime mtandao peke yake. Tulichukua ruta 64 zilizopangwa 8 kwa 8 kama vitalu vya mji. Umbali wa wastani katika mwelekeo mmoja ni (64 − 1) ukigawa kwa 24, yaani 2.625, mielekeo ni miwili, basi hatua 5.25. Kwa mtandao wa 4 kwa 4 ni 2.5. Mara ya kwanza nilipoendesha, wastani wa hatua haukukaribia hata kidogo 5.25. Kwa mwaka mzima uliopita ningeandika kurasa mbili za kuueleza. Safari hii nilifungua config.ini. Nilikuwa nimesahau kutaja mpangilio wa ruta, na usipotaja unapewa mpangilio mwingine wa kawaida, ule wa kila mtu kupitia katikati. Nikaandika Mesh_XY, nikaweka safu 8, na namba ikaja kukaa karibu kabisa na 5.25. Dakika kumi, si miezi mitatu.

Kisha unaongeza kasi ya kurusha polepole. Mwanzoni paketi zinapita bila shida, muda wa kusafiri haubadiliki sana. Halafu unafika mahali fulani, na muda unapaa. Anayepanda matatu ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi kuingia Nairobi anaujua mkunjo huo bila grafu. Kalamu inakupa dari: nusu ya paketi lazima zivuke katikati ya mtandao, na katikati kuna waya 8 tu kila upande. Ruta 32 za upande mmoja, nusu ya paketi zao, kupitia waya 8, hiyo ni 0.5 kwa kila ruta kwa kila mzunguko wa saa, kama kila paketi ni kipande kimoja. Mtandao halisi husongamana kabla ya hapo, lakini ukiona simuleta imekupa zaidi ya hapo, jua umekosea mahali.

Na hapa ndipo kache na mtandao walipokutana. Waya wa Garnet kwa kawaida hubeba baiti 16 kwa mzunguko. Kipande hicho huitwa fliti. Kache ikikosa, ombi ni fliti 1. Jibu ni mstari wa baiti 64 pamoja na baiti 8 za anwani, yaani 72, fliti 5. Kila kukosa basi ni fliti 6 angalau zinazosafiri. Tukaweka viini 16 kwenye mtandao wa 4 kwa 4, kila kimoja kikiendesha nakala yake ya matriksi, na kache ya ngazi ya pili imegawanywa vipande 16 mtandaoni. Bila zile namba 8 za ziada, kila kiini kilikuwa kinamwaga zaidi ya fliti milioni 12 mtandaoni kwa ajili ya matriksi moja tu. Tukiziongeza, kama milioni moja na nusu. Hatukugusa ruta hata moja, hatukuongeza waya, na foleni ikapungua. Hiyo ndiyo grafu tuliyoiweka kwenye ukurasa wa mwisho.

Siku ya kutetea, mmoja wa walimu waliotusikiliza aliuliza kwa nini sura ya kwanza ina grafu mbili za kache, moja imepigwa mkwaju. Msimamizi wetu ndiye aliyetushauri tuiache pale. Jamaa yangu akasimama akaeleza yote, tangu --caches hadi config.ini, vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi. Tulipita. Si kwa alama za juu kabisa, lakini tulipita.

Kwa wanaotaka kujaribu leo: ile se.py imeshahamishiwa kwenye folda ya vitu vilivyopitwa na wakati. Tangu 2021 gem5 ina maktaba ya vipande vilivyo tayari, ambapo unachagua prosesa, kumbukumbu na mpangilio wa kache kwa majina. Kilichonifurahisha ni kwamba ukitaka mashine isiyo na kache sasa lazima uiombe kwa jina, NoCache, iandikwe kwenye skripti yako kila mtu aione. Sijui kama kuna wanafunzi wengine waliochangia uamuzi huo kwa aibu zao, lakini nawashukuru.

Jamaa yangu sasa anafanya kazi kwenye kampuni ya malipo na mimi niko kwenye programu za wavuti, hakuna kati yetu anayegusa simuleta. Mwezi uliopita alinipigia usiku, seva zao ziko polepole, wameongeza kumbukumbu ya kuhifadhi majibu mara mbili na muda haujabadilika hata milisekunde.

"Umenyooka?" nikamuuliza.

Akanyamaza kidogo. "Ngoja nifungue config," akasema, na akakata simu.